Wiki sita za tangi lisilo na samaki

Juzi kijana mmoja wa mtaani kwetu alinipigia simu usiku. Samaki wake wanne wamepanda juu, wanahema midomo wazi, matamvua yamekuwa mekundu. Nikamuuliza tangi lina siku ngapi. Siku tano. Nikamwambia atoe nusu ya maji, aweke mengine yaliyolala kwenye ndoo, aongeze mapovu ya pampu na asiwape chakula mpaka kesho kutwa. Wawili walipona.

Wa kwangu wa kwanza walikufa hivyohivyo, na aliyeniuzia alisema ni bahati mbaya. Haikuwa bahati. Ndiyo maana wewe unayeanza nakusihi: nunua tangi leo, samaki wasubiri.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kilichobaki chini kikioza huongeza nyingine. Ziwani maji ni mengi, inapotea. Ndani ya lita 60 haina pa kwenda, inamrudia mwenyewe na kumuunguza. Kinachomwokoa ni bakteria. Kuna wanaokula amonia na kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa sababu inaizuia damu kubeba oksijeni. Wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo samaki anaivumilia mpaka siku ya kubadilisha maji. Bakteria hawa hawaelei tu majini. Wanajishika kwenye sponji ya filta, yaani kichujio cha maji, kwenye mchanga na kwenye mawe. Tena wanaongezeka polepole. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kutosha kazi.

Mimi nafuga samaki wa Ziwa Tanganyika, wale wadogo wanaoishi ndani ya magamba ya konokono. Jina lao la kisayansi ni Neolamprologus multifasciatus. Wauzaji husema "multi" tu. Ni ukoo mmoja na sato na perege, na ni ndugu wa mbali wa kuhe, yule mkubwa anayeliwa Kigoma, ila dume la multi halifiki hata urefu wa kidole chako cha kati. Ukiwachagua hawa, subira inakuwa lazima maradufu. Maji ya Tanganyika yana pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali wa maji, ya karibu 9, na kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia inavyokuwa kali. Kwenye pH 7 na joto la nyuzi 25, sehemu ya amonia iliyo sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9 inapita asilimia 30. Kosa ambalo samaki mwingine angelivumilia, multi halivumilii.

Basi fanya hivi. Jaza tangi, washa filta, weka mchanga na magamba. Chukua kamba mmoja mbichi wa sokoni, mfunge kwenye kitambaa chepesi, mtumbukize aoze. Itanuka kidogo, vumilia. Nunua vipimo vya matone, si vya karatasi, upime kila baada ya siku mbili tatu na kuandika kwenye daftari. Utaona amonia inapanda, kisha inashuka huku nitriti ikipanda, halafu nayo inashuka. Amonia na nitriti zote mbili zikisoma sifuri kwa wiki nzima, ilhali kamba bado yumo anaoza na nitrati inaonekana, tangi limeiva. Mtoe kamba, badilisha nusu ya maji, ndipo uwalete samaki, na kesho yake usiache kupima.

Tangi lenyewe fundi vioo wa mtaani anaweza kukutengenezea vizuri. Simamia jambo moja tu: silikoni, ile gundi ya kuungia vioo. Ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu inaua samaki. Mwambie atumie ya kawaida isiyo na dawa, ile inayonuka siki ikiwa mbichi, na uiache ikauke wiki nzima. Meza nayo iwe imara, maana lita 60 ni kilo 60 bila kuhesabu kioo na mchanga.

Maji ya bomba yana klorini, na klorini haichagui: inaunguza matamvua na kuua wale bakteria uliowalea. Yaweke kwenye ndoo wazi siku moja au mbili, pampu ya hewa ikipuliza, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Ya kisima onja kwanza, kwani visima vingi vya Dar vina chumvi. Ya mvua yasikushawishi, hayana madini ambayo samaki hawa wameyazoea. Kila wiki toa robo kwa mpira, ukifyonza uchafu juu ya mchanga, urudishe yenye joto lilelile.

Sasa sponji, hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi ya miezi. Tangi likichafuka, mtu anachomoa sponji, anaisugua chini ya bomba mpaka iwe nyeupe, wengine kwa sabuni kabisa. Siku ya tatu samaki wako juu wanahema. Ikamulie sponji ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, mara mbili tatu, basi. Ibaki na rangi ya kahawia. Rangi ile ndiyo uhai.

Umeme ukikatika, mabakteria wa ndani ya filta hukosa hewa kabla samaki hawajakosa chakula. Uwe na pampu ndogo ya betri. Na kwa joto la Dar la Januari usinunue hita. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, kwa hiyo mapovu yasizimwe usiku. Aliye Mbeya au Njombe, huyo hita anaihitaji.

Chakula ni kidogo mara mbili kwa siku, kiishe ndani ya dakika mbili.

Siku za kwanza watajificha, usigonge kioo. Baada ya wiki utamwona mmoja anabeba mchanga mdomoni, anautema pembeni, anarudi kubeba tena, mpaka gamba lake lizame na ubaki mdomo tu. Jike hutaga humo ndani, na asubuhi moja utakuta watoto wembamba kama vipande vya uzi wameketi mlangoni. Usiwahamishe, na mchanga wa hapo usiufyonze kabisa. Wazazi hawatawala. Saga chakula kilekile kwa vidole mpaka kiwe vumbi, ukidondoshe karibu na gamba lao.