Kamera isilale kwenye kiyoyozi (kwa ndugu anayekwenda Kwale kupiga picha za magari ya rali)

Hiyo orodha ya lenzi iweke kando kwanza. Umeuliza mambo manne: lenzi gani inafaa kwa magari ya zamani ya rali yakipita Kwale, hapa pwani ya Kenya, kasi gani ya shata (kile kilango cha kamera kinachofunguka na kufunga kupitisha mwanga), filta ya kuondoa mng'aro kwenye kromu, na vipi utaruhusiwa kuingia pale mafundi wanapoyahudumia magari. Lakini jambo litakalokuharibia siku umelitaja kwa kupitia tu: kwamba utalala Diani, kamera utaiweka chumbani na kiyoyozi digrii 18 "isipate joto", alfajiri uipakie kwenye gari lenye kiyoyozi, kisha ushuke kando ya njia magari yakikaribia. Yakhe, usifanye hivyo asilani. Nilifanya hivyohivyo, na gharama yake naijua mpaka senti ya mwisho.

Toa soda kwenye friji uiweke mezani hapa Mombasa. Dakika mbili hazipiti, chupa inatoka jasho. Jasho lile halikutoka ndani ya chupa, ni maji yaliyokuwa hewani. Hewa yetu ya pwani imebeba maji mengi kiasi kwamba, siku nyingi, kitu chochote kilichopoa chini ya digrii 23 au 24 hivi kitalowana kikikutana nayo. Lenzi iliyolala kwenye digrii 18 ni soda hiyohiyo, tofauti ni bei. Na kadiri lenzi inavyokuwa nzito ndivyo inavyochelewa kupata joto: lenzi ya zumu ya milimita 70-200 yenye vioo vinene huchukua dakika 45 hadi saa nzima. Kwenye rali, magari yenye kasi zaidi kwa kawaida hutangulia. Saa hiyo moja ndiyo wanayopita uliotoka nyumbani kwa ajili yao.

Na kukosa picha ni hasara ndogo. Hasara kubwa huja mtu anapoanza kuhangaika.

Kwanza atafuta kioo cha mbele kwa fulana. Vumbi la barabara za Kwale na Kinango lina chembe za mchanga ndani yake, likichanganyika na maji linakuwa tope, na tope lenye mchanga likisuguliwa kwenye kioo linachuna utando mwembamba uliopakwa juu yake. Akishafuta, ukungu unarudi baada ya sekunde kumi, maana kioo bado ni baridi. Anafuta tena, anachuna tena.

Kisha atazungusha zumu kwenda na kurudi kuona kama ukungu umeisha. Lenzi nyingi za zumu hurefuka na kufupika, na kila zinaporefuka zinavuta hewa ndani kama pampu ya baiskeli. Sasa ukungu umehamia kwenye vioo vya kati, ambako hakuna kitambaa kitakachofika.

Halafu linakuja kosa lenyewe, lile linalolipiwa. Ataona ukungu uko ndani, atang'oa lenzi afute kioo cha nyuma. Hapo ameifungua kamera baridi mbele ya hewa yenye maji na vumbi kwa pamoja. Kioo cha sensa, ile sehemu ya ndani inayopokea picha, kinalowana, vumbi linatua, na maji yakikauka vumbi limeganda. Kipulizio cha mpira kinaondoa vumbi kavu. Vumbi lililogandishwa na unyevu hakiliondoi, linataka dawa ya majimaji, kijiti maalumu na mkono uliotulia. Wengine hupuliza kwa mdomo, wakaongeza mate.

Jioni atairudisha kamera begini ikiwa bado na unyevu, afunge zipu, aisahau wiki tatu. Giza, joto na unyevu: kuvu haitaki zaidi ya hivyo. Huanza kama nyuzi nyembamba za buibui pembeni ya kioo, na ikikaa sana inakula utando. Fundi akiifungua lenzi na kuisafisha, alama inaweza kubaki, na picha ulizopiga ukilielekea jua zinapauka daima.

Aliyeniambia kamera inapenda baridi alikuwa muuzaji dukani. Alisema ni kama kompyuta, iweke kwenye kiyoyozi, na alisema kwa uhakika wote. Neno unyevu hakulitamka hata mara moja, naye anauza vyombo hivi katika mji uliozungukwa na bahari pande zote! Mtu wa nyanda za juu zilizo kavu anaweza kufuata ushauri ule na asidhurike. Kumwambia hivyo mtu wa Mombasa ni kumchukulia pesa mara mbili, siku ya kununua na siku ya kutengeneza, na hilo linanikera hadi leo.

Basi fanya hivi. Usiku lala na feni, madirisha wazi, kamera iwe kwenye joto la hewa ileile utakayopigia picha. Kama ni lazima kiyoyozi, itie kamera kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa mpira unaobana, kama vile vya kuhifadhia chakula, au mfuko usiopitisha maji wanaotumia watu wa mashua. (Mifuko ya nailoni ya dukani ilipigwa marufuku 2017, na hata hivyo haikuwa inabana.) Ifunge humohumo chumbani, kabla hujafungua mlango. Ukitoka, jasho litatoka kwenye chombo, ndani pabaki pakavu. Usikifungue mpaka ukishike na kukuta hakina ubaridi tena, kisha ongeza nusu saa, maana chombo hupata joto kabla ya lenzi iliyomo. Muda huo usifungue hata mlango wa betri wala wa kadi. Tia betri na kadi tangu usiku.

Garini zima kiyoyozi mara tu unapotoka Diani, fungua vioo. Utatoka jasho wewe badala ya lenzi. Ukianza kuingia kwenye vumbi, kamera ibaki ndani ya chombo.

Ukikuta ukungu pamoja na yote hayo, usiguse kitu. Iache kivulini, kifuniko cha lenzi kimetolewa, hewa ipite. Usiianike juani: joto kali laweza kuyeyusha mafuta ya ndani yakapaka vile vijembe vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga. Na mchele tafadhali uache jikoni, unga wake unaingia kila upenyo.

Kuhusu shata, nitakuwa mfupi. Gari likipita ubavuni kwa kilomita 80 kwa saa, tairi lake linazunguka kama mara 12 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/1000 ya sekunde, gurudumu limegeuka digrii 4 tu, na gari linaonekana limeegeshwa. Datsun 240Z, gari lililoshinda mbio za Safari Rally 1971 na 1973, haistahili picha ya gari lililoegeshwa. Kwa 1/125 gurudumu linageuka digrii 34 hivi, na kwa 1/60 kama 70. Hapo mwendo unaonekana. Miguu ielekee pale utakapobonyeza, pinda kiuno kulifuata gari tangu mbali, bonyeza bila kusimama, endelea kulifuata hata baada ya kubonyeza. Weka 1/1000 kwa gari linaloruka tuta au linalokujia uso kwa uso na wingu la vumbi nyuma yake. Lenzi hiyohiyo 70-200 inatosha, na usiibadilishe njiani.

Lakini angalia: kwenye jua la saa nne asubuhi, ISO 100 (kipimo cha wepesi wa sensa kushika mwanga) na shata 1/125, tundu la mwanga litakuwa f/13 au f/16; namba ya f ikikua, tundu linapungua. Ukishuka 1/60 utafika f/22. Na tundu dogo kama hilo ndilo linalofichua kila chembe iliyogandia kwenye sensa. Kwenye f/4 usingeiona. Kwenye f/16 ni doa jeusi juu ya Porsche, mahali palepale, picha 400 mfululizo. Ndiyo maana narudi palepale: isilale kwenye kiyoyozi.

Na ukimaliza, jambo ambalo watu hulisahau: unaporudi hotelini kunakopoa, usifunge kamera ndani ya chombo peke yake. Hewa ya Kwale uliyoifungia humo ina maji, na ikipoa maji hayo yatatua juu ya kamera. Tia silika jeli, zile chembe zinazonyonya unyevu, gramu 100 zinatosha, ile inayobadilika rangi: ya chungwa ikigeuka kijani imeshiba, ikaushe kwenye oveni digrii 120 kwa saa mbili au tatu. Piga vumbi la nje kwa brashi laini kwanza, kisha ndiyo ufunge.