Usimtahini mama yako

Dada, usiianze hiyo ratiba. Umeandika kwamba mama yako ana miaka 71, kwamba daktari amethibitisha kuwa ni ugonjwa wa Alzheimer, ule unaoharibu kumbukumbu, ulio katika hatua za mwanzo, na kwamba umepanga kumuuliza maswali asubuhi na jioni, kwa picha za wanafamilia na programu ya simu aliyokutumia kaka yako, ili ubongo wake usilale. Umeuliza pia kuhusu chakula, na kama umhamishie kwako Dar es Salaam. Mimi nilianza na maswali kama hayo unayoyapanga, nikayaendeleza kwa muda wa miezi mitano, tena kwa bidii, na sitaki uyaone niliyoyaona.

Mama yangu ni mzaliwa wa Pangani na amesuka mikeka tangu utotoni. Alipoanza kuuliza jambo moja mara nne ndani ya saa moja, na kuacha sufuria jikoni mpaka chakula kikaungua, tulimpeleka hospitali, akapimwa, tukaambiwa ni ugonjwa huohuo. Wiki ileile mtu mmoja anayejiita mshauri wa familia zenye wazee aliniuzia kadi za mazoezi ya kumbukumbu kwa shilingi 180,000. Akanieleza bila kusita kwamba ubongo ni msuli, kwamba mama akisahau jina ni lazima alazimishwe kulitafuta, na kwamba nikimhurumia nitakuwa nimemuua kwa mikono yangu. Hakumwona mama hata siku moja. Hakuuliza alikuwa akifanya kazi gani, anapenda nini, wala anaogopa nini. Nina hasira naye hadi leo, kwa sababu alijua fika kwamba mtoto aliyeshtushwa na habari kama ile atanunua chochote atakachowekewa mbele, naye akaitumia hofu yangu kufanya biashara.

Basi kila siku baada ya chai tulikaa mezani. Huyu ni nani? Leo ni siku gani? Una wajukuu wangapi? Akikosea nilimsahihisha, nikarudia swali, akikosea tena nikarudia tena. Katika kadi zile kulikuwa na nafasi ya kubandika picha za familia, nami nikabandika ya baba, ambaye alifariki mwaka 2009. Mama alipoiona alitabasamu na kutaja jina lake papo hapo, nami nikafurahi nikidhani kadi zinafanya kazi. Nikamuuliza yuko wapi. Akanijibu kwamba amekwenda baharini na atarudi maji yakijaa. Kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa kwamba kila jibu lisilo sahihi lisahihishwe hapohapo, nikamwambia kwamba baba amekufa.

Alilia kama mtu anayeipata habari hiyo kwa mara ya kwanza, maana kwake ilikuwa ndiyo mara ya kwanza. Alijifunika kanga usoni, akauliza amezikwa wapi na kwa nini yeye hakuitwa. Ilipofika adhuhuri alikuwa amekwisha kusahau alicholilia, lakini huzuni haikumtoka; alizunguka uani hadi magharibi akisema kuna jambo baya limetokea nasi tunamficha. Nami, Mungu anisamehe, nilimwonyesha picha ileile keshoye, na wiki iliyofuata nikamwonyesha tena, kwa sababu kadi zilitaka kurudiwa. Nilimpa mama yangu msiba mmoja mara sita.

Mwezi wa nne alikuwa akiniona tu nimeshika bahasha ya kadi, anasema "Sijui" kabla sijafungua mdomo. Mtu aliyekuwa hawezi kukumbuka amekula nini asubuhi alikuwa amejifunza kuiogopa bahasha. Baadaye akaanza kuwanyamazia hata majirani, akidhani kila anayemsogelea amekuja kumuuliza. Sisi tukaamini kwamba ugonjwa umezidi kwa kasi. Muuguzi mmoja kliniki ndiye aliyenitaka niziondoe kadi machoni pake kabisa, na baada ya wiki chache mama akaanza tena kumwitikia jirani salamu kutoka barazani. Si kwamba alipona, kwa kuwa ugonjwa huu hauponi, lakini maneno aliyokuwa akiyazuia kwa woga yalirudi.

Sababu yake nimeielewa kwa kuchelewa. Ugonjwa wa Alzheimer kwa kawaida huharibu mapema sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, ambayo ndiyo inayosaidia kuunda kumbukumbu mpya, na kwa hiyo unapomuuliza leo ni siku gani au nani alikuja jana, unagonga mlango uliokwisha kuvunjika. Ustadi wa mikono umehifadhiwa kwingine na hudumu muda mrefu zaidi, kama zinavyodumu nyimbo na dua za utotoni. Hisia nayo hubaki baada ya tukio lenyewe kusahaulika, jambo linaloeleza kwa nini mama alizunguka uani siku ile bila kujua analia nini.

Wala sisemi umwache akae tu akitazama ukuta. Iko njia ya kuchangamsha akili za wenye demensia (hali ya kupungukiwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kama hii inayoletwa na Alzheimer) isiyo kali sana, iliyotengenezwa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2003: watu wachache hukutana mara mbili kwa wiki, kwa wiki 7, vikao 14 kwa jumla, wakazungumza juu ya chakula, utoto, sauti na mengineyo. Imekwisha kujaribiwa hapa kwetu, wilayani Hai, Kilimanjaro, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalikuwa ya kutia moyo. Mojawapo ya kanuni zake ni kuomba maoni badala ya kudai majibu sahihi. Huulizwi huyu katika picha ni nani. Unaulizwa unaonaje vazi lake, na hapo huwezi kufeli. Niliposoma hivyo nililia, kwani wakati mimi nanunua kadi, jambo hili lilikuwa tayari linafanyika katika nchi hiihii.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja tu: usimuulize swali lenye jibu moja, mpe kazi anayoijua. Nilinunua ukindu, majani ya mkindu ya kusukia, sokoni, nikauchana, nikauloweka, nikaketi mkekani karibu na mama bila kumwambia lolote, nikaanza kusuka ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka. Mimi sikuwahi kuwa msukaji mzuri. Alinitazama kwa muda, vidole vyake vikaanza kucheza juu ya magoti, kisha akaunyakua ule ukili mkononi mwangu. "Umelegeza," akasema. "Fumua." Akaufumua mwenyewe, akalainisha ukindu kwa kidole kilicholowa maji, akausuka upya bila kutazama chini, huku akinisimulia shangazi yake aliyemfundisha na rangi walizokuwa wakitia. Alizungumza kwa karibu nusu saa. Hakunitaja jina hata mara moja, na sikumuuliza kama ananijua.

Siku hizi tunasuka kila asubuhi. Wakati mwingine hufumua alichokisuka na kuanza upya, nami simzuii, kwa sababu hatuna mteja anayesubiri mkeka. Akisema baba yuko baharini, ninamuuliza walikuwa wakipenda samaki gani, naye anaeleza mpaka anachoka.

Katika swali lako umetaja picha, programu ya simu, chakula na kuhama, lakini hukuandika popote mama yako alikuwa akifanya kazi gani kabla ya kuugua: alishona, alilima, alipika maandazi ya kuuza, alifundisha madrasa? Niandikie hilo kwanza, kabla hujamlipa mtu yeyote.