Seli za ini huzaliana na nani?

SWALI: Nafasiri kijitabu cha baiolojia. Nimeandika: "Seli za ini huzaliana na vichocheo vya ukuaji na matriki ya nje ya seli." Mhariri ameandika pembeni, "Zinazaliana na nani?" Nimekosea wapi?

JIBU: Mhariri wako kakutania, lakini kagusa penyewe. Kitenzi cha kutendana kikifuatwa na "na", msomaji hutafuta mshirika. Asha amegombana na Juma: wawili hao. Kwa hiyo sentensi yako imeozesha seli na kichocheo, wakapata watoto. "Na" uliyoitaka ni ile ya mtenda, na hiyo huandamana na kauli ya kutendwa: mti umekatwa na Juma.

"Kuzaliana" peke yake halina ubaya. Nzi huzaliana, bakteria huzaliana. Kwa seli ya ini, hata hivyo, ningeandika "kugawanyika", maana seli moja hujitenga zikawa mbili. Ila usikimbilie "hugawanyika na vichocheo". Hiyo ni kauli ya kutendeka, nayo haimtaji mtenda. Hatusemi "kikombe kimevunjika na Juma". Tafuta kitenzi kingine kimbebe mtenda: seli huchochewa na kitu fulani, ndipo zikagawanyika.

Kuna jambo jingine ambalo mhariri hakulitaja. Umeviunganisha vitu viwili kwa "na" kana kwamba kazi yao ni moja. Kichocheo kama HGF (protini inayozihimiza seli za ini kugawanyika) hunasa kwenye kipokezi juu ya seli na kuiamsha, kwa kuwa seli ya ini lililokomaa kwa kawaida imetulia tu, haigawanyiki. Matriki ni mtandao wa kolajeni na protini nyingine ambao seli huushikilia. (Mimi ningeuita "kiunzi cha nje ya seli"; matriki tuwaachie watu wa hisabati.) Kiunzi hicho huhifadhi HGF ikiwa bado haifanyi kazi, mpaka kimeng'enya kiikate. Tena, ukizipanda seli za ini maabara juu ya kolajeni ngumu, hutandaa bapa na kuitikia kichocheo kwa kunakili DNA yao. Ukizipanda juu ya jeli laini yenye protini za kiunzi, hubaki mviringo, huendelea kutengeneza albumini (protini ya damu, kazi ya kawaida ya seli ya ini), na kichocheo kilekile huziacha karibu kama zilivyokuwa. Kichocheo huchochea, kiunzi huruhusu au hukatalia. Hapo vitenzi viwili vinahitajika.

Na neno "ukuaji" lenyewe lichunge. Seli inaweza kukua, yaani kunenepa, bila kugawanyika. Isitoshe, kuna protini iitwayo TGF-beta, ambayo kwa jina imo katika ukoo huohuo wa ukuaji, lakini kwa seli za ini huzuia mgawanyiko. Ukiiita kichocheo utalazimika kuandika "kichocheo kinachozuia", na mhariri atacheka tena. Iite protini, kisha useme inafanya nini.

Kama kijitabu kinafika kwenye upasuaji, usiandike kwamba ini "huota tena". Mkia wa mjusi huota tena, pale pale ulipokatika. Panya akiondolewa theluthi mbili za ini, uzito wa ini hurudi ndani ya siku 7 hadi 10 hivi, lakini ndewe (sehemu kubwa za ini) zilizokatwa hazirudi. Zilizobaki ndizo zinazoongezeka ukubwa. Sema ini "hujazia" lililopungua. Na liwe ini, si maini: mtu ana moja tu, hata kama maneno makali humkata maini.

Sentensi yako basi: "Seli za ini huchochewa na protini za ukuaji kugawanyika, lakini zitaitikia kwa kiasi gani hutegemea kiunzi zilichokishikilia."