Msimkabidhi mtu asiyemjua baba yenu kazi ya kuandika wasifu wake

Mleta mada, umeeleza kwamba baba yenu, mkulima wa kahawa aliyekuwa pia kocha wa timu ya kijiji na mjumbe wa kamati ya maji, atazikwa Jumamosi, na kwamba mmepata mtu wa mjini atakayeandika wasifu kwa malipo. Msimpe kazi hiyo. Poleni sana kwa msiba, lakini nimeona familia yangu ikipita njia hiyohiyo na sitaki muipite.

Baba yetu alilima kahawa na maharage Mbozi. Alipofariki, tulimwamini mshereheshaji mmoja aliyekuja na mpangilio wake tayari: kuzaliwa, elimu, ajira, ndoa, watoto, ugonjwa. Kwa kuwa baba hakuwahi kuajiriwa, mtu huyo aliandika "mkulima wa kawaida", akaruka moja kwa moja hadi kwenye maradhi, ambayo aliyapa aya nzima. Tulipomkumbusha habari za mpira, alijibu kwamba mambo ya uwanjani hayana uzito mbele ya waombolezaji. Hadi leo jibu hilo linanikera, kwa sababu alilitoa kwa uhakika wa mtu anayejua kazi yake, ilhali hakuwa amezungumza na jirani yetu hata mmoja.

Kila Jumamosi jioni baba alibeba jivu la jikoni katika debe na kuchora mistari ya uwanja, akiinyoosha kwa kamba ya katani yenye mafundo, ileile aliyoitumia kupimia mashimo ya miche ya kahawa. Mama alimwekea jivu hilo wiki nzima, nasi watoto tulishika vigingi. Shamba, familia na mpira vilikuwa maisha ya mtu mmoja, na wasifu ule haukuwa na nafasi navyo.

Hasara kubwa ilikuja baadaye. Uwanja ule ulikuwa kipande cha shamba lake, alichowapa vijana kwa mdomo mbele ya wazee. Wasifu ulisomwa mbele ya ukoo na viongozi wa kijiji bila kuutaja, kwa hiyo hakuna aliyepata nafasi ya kusimama na kusema, "Nilikuwepo alipoutoa." Kikao cha ukoo kilipokaa kupendekeza msimamizi wa mirathi, ndugu waliokuwa wakiishi mbali waliuorodhesha pamoja na mashamba ya kugawana, na muhtasari ukapelekwa Mahakama ya Mwanzo hivyohivyo. Wazee walioshuhudia walikuwa wakiondoka mmoja baada ya mwingine. Sasa pamepandwa mahindi, na nguzo za magoli zilichomwa kuni.

Najua wasifu si hati ya ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, msimamizi wa ardhi ya kijiji ni halmashauri ya kijiji, na huko ndiko zawadi kama ile ilipaswa kuandikwa mwenyewe akiwa hai. Hata hivyo, neno lililosemwa kaburini mbele ya watu wote huwaamsha mashahidi, nao wakiamka mapema bado wanaweza kuitwa kwenye kikao.

Hata John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Meksiko mwaka 1968 akiwa wa mwisho huku mguu wake ukiwa umefungwa bendeji, alirudi nyumbani kulima. Anayemweleza kwa mbio zile peke yake amemweleza nusu.

Kwa hiyo wasifu usiandikwe kabla hamjazungumza na waliolima naye, waliocheza chini yake na waliokaa naye kwenye kamati, na usisomwe kabla wao hawajausikia. Kuhusu picha na idadi ya nakala ulizouliza, hayo yatapangika hata Ijumaa. Leo jioni mmoja wenu aende kwa katibu wa kamati ya maji akiwa na daftari, mwingine amtafute nahodha wa zamani wa timu, na wote wawili waulize jambo moja kwanza: mzee alitoa nini, na nani alikuwepo.