Mkaa, mafuta, unga na sabuni: majibu ya maswali yenu kuhusu kupanda kwa bei

Maswali ya safari hii mengi yametoka Dar es Salaam na mikoa ya jirani. Kwa kuwa bei ya Tandika si ya Tunduma, sehemu nyingi tumetoa njia ya kukokotoa. Bei za kwenu weka mwenyewe.

Kila jioni nanunua mafuta ya kupima ya 500 kwa Mangi. Mume wangu anasema dumu la lita 5 ni nafuu, mimi naona linaisha upesi tu. Nani mkweli? (Mama, Mbagala)

Nyote wawili. Mimina mafuta ya 500 kwenye glasi, weka alama yanapoishia. Ukishayatumia, jaza maji mpaka kwenye alama, uyamimine kwenye chupa tupu ya maji ya nusu lita, na urudie ukihesabu mpaka chupa ijae. Tuseme imejaa kwa mara 8. Basi nusu lita unainunua kwa 4,000, na lita nzima kwa 8,000. Linganisha na bei ya dumu ukiigawa kwa 5. Mara nyingi dumu litashinda, na hapo mumeo ana haki yake.

Lakini angalia upande wa pili. Kipimo chako kwa hesabu hiyo ni kama mililita 62 kwa siku. Kwa mwendo huo dumu la lita 5 lingekaa siku 80. Likiisha kwa mwezi mmoja, mnakula mililita 167 kwa siku, zaidi ya vijiko 11 vya chakula, na pesa mliyookoa kwenye bei imeishia kwenye kikaango. Kosa ni kumimina kutoka kwenye dumu moja kwa moja. Kila Jumapili toa mafuta ya wiki, weka kwenye chupa yenye kifuniko kilichotobolewa tundu dogo, dumu lirudi juu ya kabati.

Ukinunua dumu, lipime. Lita 5 za mafuta huwa na uzito wa kama kilo 4.6, ongeza uzito wa dumu lenyewe. Na mafuta ya mawese yakiganda wakati wa baridi ya Juni na Julai, hiyo si dalili ya kuchakachuliwa, ndiyo asili yake.

Gesi, mkaa au umeme: kipi kinanipunguzia gharama? Mtungi wa kilo 6 hauniishii hata mwezi. (Mpangaji, Tabata)

Mkaa una joto jingi, ila jiko la kawaida hulipoteza. Kati ya sehemu tano za joto lake, karibu nne hupotelea hewani. Jiko la gesi hufikisha kwenye sufuria karibu nusu. Ukipiga hesabu, kilo moja ya gesi hufanya kazi ya kama kilo 4 za mkaa kwenye jiko la kawaida, au kilo 3 kwenye jiko banifu. Kwa hiyo pima mkaa wa kopo au kisado kwa mizani ya duka (usishangae ukikuta uzito wake unabadilika kila siku), pata bei ya kilo, zidisha kwa 4. Ikizidi bei ya kilo ya gesi, mkaa unakula pesa yako. Kwa anayenunua mkaa kwa kopo, hilo ndilo tunaloliona mara nyingi. Anayenunua gunia zima na kulihifadhi pakavu anaweza kupata jibu tofauti.

Umeme sasa. Kwa jiko la sahani, uniti 10 ni sawa na kilo moja ya gesi hivi. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, yaani T1, uniti ni shilingi 292, na ukiweka kodi na tozo inafika kama 350. Zidisha kwa 10, halafu tazama bei ya gesi kwenu. Aliye kwenye D1, kundi la watumiaji wadogo, hulipa shilingi 100 kabla ya kodi kwa uniti 75 za kwanza za mwezi. Ukizipita hizo 75, bei inaruka, kwa hiyo usihamishie mapishi yote huko bila kuhesabu. Mahali ambapo umeme hushinda bila ubishi ni sufuria ya presha ya umeme kwa vitu vigumu. Nusu kilo ya maharage hula karibu nusu uniti au pungufu.

Mtungi unaoisha upesi una sababu nne za kukagua. Ya kwanza, haukujaa. Kwenye mshikio au shingo ya mtungi pameandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Upime mbele ya muuzaji, toa uzito huo, zibaki kilo 6. Muuzaji anatakiwa kuwa na mizani, na asiyekuwa nayo mwache. Ya pili, unavuja. Paka povu la sabuni kwenye valvu, regulata na mpira. Mapovu yakikua, funga na ubadilishe kipete cha kuzibia (washa) au mpira. Usijaribu kwa kiberiti. Ya tatu, moto wa njano unaotia masizi kwenye sufuria. Hapo tundu za bana zimeziba, zizibue kwa sindano na brashi kavu. Ya nne, moto unapanda pembeni mwa sufuria. Huo unapasha hewa ya jikoni. Punguza mpaka ukae chini ya kitako, na funika.

Maharage yangu hayaivi. Nachoma mkaa wa 2,000 kwa sufuria moja. (Dada wa kazi, Kinondoni)

Loweka kilo moja kwenye lita 3 za maji kuanzia usiku, kwa muda wa saa 8 hadi 12. Mwaga maji hayo, weka mapya yafunike maharage kwa vidole vitatu. Chemsha kwa moto mkali usiopungua dakika 10, na kwa maharage mekundu hili si la hiari, maana yakiwa nusu mabichi yana sumu ya asili inayotapisha. Kisha punguza moto.

Nyanya, ndimu na ukwaju ndio adui wa kuiva. Viweke maharage yakishalainika. Chumvi hulaumiwa bure. Magadi hulainisha kweli, lakini yakizidi ladha inakuwa ya sabuni na vitamini B1 inaharibika, kwa hiyo ncha ya kijiko inatosha, au acha kabisa. Ikiwa umeloweka na bado ni mawe, maharage ni ya zamani, yamekaa ghalani kwenye joto na unyevu. Hayo hakuna dawa isipokuwa presha. Safari nyingine nunua robo kwanza, ujaribu.

Kuokoa mkaa zaidi, yaliyolowekwa yachemke dakika 20 yakiwa yamefunikwa, kisha sufuria ikae na kifuniko chake ndani ya kapu lililojazwa blanketi kuukuu, pande zote na juu, kwa saa 3. Usifungue kuchungulia. Yatoe, uyachemshe tena mpaka yatokote sawasawa, ndipo uunge.

Ni kweli kununua mahindi na kusaga ni rahisi kuliko unga wa dukani? (Baba wa watoto 4, Dodoma)

Ndiyo, kama utakula dona na kama utajua kuhifadhi. Kukoboa huondoa robo ya punje hivi, wakati mwingine zaidi. Gunia la kilo 100 linakupa karibu kilo 75 za sembe, na pumba mara nyingi zinabaki mashineni. Ukisaga dona, unapata karibu kilo zote. Ila dona ina kiini chenye mafuta, hivyo huchacha na kuwa chungu. Saga ya wiki 2 au 3, si ya mwezi na nusu.

Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini huingia sokoni kuanzia Mei, na bei huwa chini Juni hadi Agosti. Disemba hadi Machi ndipo hupanda. Faida yote iko kwenye pengo hilo, na dumuzi, mdudu mtoboa punje, analijua kuliko wewe.

Kabla ya kuhifadhi, pima ukavu. Weka punje kiasi kwenye chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kijiko kimoja, funika, tikisa dakika 2 au 3, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudishe juani juu ya turubai. Ukihifadhi mabichi, ukungu unaleta sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Tenga punje zenye ukungu na zilizobadilika rangi. Usiwape kuku.

Kisha tumia mfuko wa kinga njaa wenye tabaka tatu. Jaza, kamua hewa, funga mfuko wa ndani kwa kamba peke yake, halafu wa pili, halafu wa nje. Wadudu hufa kwa kukosa hewa, bila dawa yoyote. Panya akitoboa tundu, kazi yote imepotea, kwa hiyo weka juu ya mbao, mbali na ukuta. Na usifungue kila wiki kuchota. 

Mkulima akikuuzia kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, utafurahi wewe na kuumia yeye. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia kuzidi kilo 100. Nunueni kwa mizani.

Sukari ikipanda, nijaze kabati? (Muuza chai, Morogoro)

Wewe unaiuza, kwa hiyo akiba ya wiki 3 au 4 inaeleweka, hasa kabla ya masika, viwanda vinapofungwa kwa matengenezo. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilizuia miwa kuvunwa, na Serikali ikalazimika kutangaza bei elekezi. Akiba ikae kwenye ndoo yenye kifuniko. Kwa nyumbani, pima kijiko cha kufuta badala ya kijiko cha mlima, uone kilo inavyosogea.

Sabuni ya mche inaisha ndani ya wiki na nguo hazitakati. (Mama, Kigamboni)

Shida yako huenda ni maji ya kisima, yale ya chumvi. Chokaa iliyomo hushikana na sabuni ya mche, ndiyo ule utando mweupe unaoelea. Sabuni inafanya kazi ya kulainisha maji kabla haijagusa uchafu. Kwa maji hayo tumia sabuni ya unga kufulia, au kinga maji ya mvua. Mche ubaki wa kola na mikono ya mashati. Ukinunua, ukate vipande na kuvianika kivulini wiki 2 au 3, viwe vigumu. Kisha kipande unachotumia kikae kwenye kisahani chenye matundu, kisilale ndani ya beseni.