Maswali yenu: kizingiti, kona nyeusi, na mwani unaohesabiwa mara kumi

Mwangaluka wote. Wiki hii maswali yamerundikana upande mmoja, kutenganisha vitu kwenye picha ya hadubini kwa kutumia kiwango cha mwanga, nahisi ni kwa sababu watu wa fildi wamerudi na picha zao za maji ya ziwa na sasa supavaiza anataka namba. Nimechukua saba, mengine yalikuwa yanajirudia.

"Kaka, kizingiti ndo nini hasa? Mwalimu anasema thresholdi thresholdi mi naitikia tu." (Nyegezi)

Usiku usio na mwezi panda mawe ya Capri Point hapa Mwanza uangalie ziwani, utaona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa. Ukiambiwa hesabu mitumbwi huhesabu giza, unahesabu kila kinachowaka kuzidi kiasi fulani, hicho kiasi ndo kizingiti. Picha ya kijivu ya biti 8 kila pikseli (kile kinukta kinachojenga picha) ina namba, 0 ni nyeusi tii na 255 ni nyeupe kabisa (ya biti 16 inafika 65535), we unataja namba moja, zilizo juu yake zinaitwa kitu na za chini zinaitwa si kitu, basi. Kompyuta haijui mwani wala seli, inajua namba tu. Ila angalia, taa za dagaa zinafanana na picha za floresensi, pale kitu kinawaka nyuma giza. Kwenye hadubini ya kawaida mwanga unapita slaidi kutoka chini, kitu ndo cheusi na nyuma ndo kweupe, kwahiyo unachukua za chini. Nimeshaona ripoti nzima mtu amepima maji badala ya mwani, na majedwali yamepangwa vizuri kabisa.

"Nimepiga picha za Microcystis, mwani wa yale maji ya kijani ya Kirumba, kwa simu niliyoegesha kwenye lenzi ya jicho. Kila nikiweka kizingiti kona zote nne zinageuka mwani. Nikishusha, mwani wenyewe unapotea. Nimekesha." (Mabatini)

Pole dada, na usiku mmoja zaidi usingekusaidia kitu, maana namba unayoitafuta haipo. Fungua picha yako upitishe mshale juu yake usome namba. Tuseme katikati, maji matupu yanasoma 210, kwenye kona maji hayohayo matupu yanasoma 120, na koloni lako (lile fungu la seli zilizoshikana) liko 130. Ukiweka 150 kona zinaingia, ukiweka 110 koloni linatoka. Kona ni nyeusi kuliko mwani! Hakuna namba moja inayoweza kuamua ugomvi huo, tatizo ni mwanga haujasambaa sawa, mwani hauna kosa.

Dawa ya kwanza iko kwenye meza, haiko kwenye laptopu. Panga kondensa (ile lenzi ya chini ya slaidi inayokusanya mwanga) ikae katikati na kimo chake kiwe sawa, simu ikae wima juu ya lenzi isilalie upande, alafu funga ekspoja ya simu, yani kiasi cha mwanga inachopokea, isijibadilishe yenyewe kila ukisogeza slaidi. Dawa ya pili, kabla hujaondoa mikono weka slaidi yenye tone la maji safi tu, piga picha bila kugusa mpangilio wowote, hiyo ndo ramani ya mwanga wako. Baadaye unagawanya picha ya mwani kwa hiyo ramani, kugawanya sio kutoa, kwa sababu kona haijapunguziwa mwanga kwa kiasi kilekile kila mahali, imepewa sehemu tu ya mwanga wa katikati. Ukigawanya, kona 120 kwa 120 na katikati 210 kwa 210 zote zinatoa 1, maji yanakuwa maji popote yalipo, na koloni linabaki peke yake.

Kama hukupiga hiyo picha tupu (najua hukupiga), Fiji (programu ya kupimia picha) ina kifaa cha kuondoa nyuma kwa mpira unaobingirika. Wewe ichukulie picha kama ardhi yenye vilima na mpira unapita chini yake, popote mpira unapoweza kugusa panahesabika ni nyuma panaondolewa. Nusu kipenyo cha mpira lazima kizidi kitu chako kikubwa kuliko vyote. Koloni lina pikseli 150 we unaweka mpira wa 20, mpira utaingia ndani ya koloni na kulila, unabaki na pete yenye shimo katikati kama donati. Na kwa picha yako tiki kale kaboksi kanakosema nyuma ni nyeupe, wengi wanakaruka.

Kuna na kizingiti cha kienyeji, yani kila pikseli inalinganishwa na majirani zake na sio na picha nzima. Kinafanya kazi kwenye kona, ila sehemu isiyo na kitu kabisa kitakutafutia kitu tu, uchafu mdogo unageuka seli, mi nakitumia mwishoni kabisa.

Na kingine kuhusu Microcystis, ndani ya seli zake kuna vifuko vya gesi, ndo vinavyoifanya ielee juu pale ziwa likitulia, sasa hivyo vifuko ukigeuza fokasi kidogo vinaonekana vyeusi, ukigeuza tena vinang'aa. Koloni hilohilo litapita kizingiti au litafeli kutegemea na kidole chako. Chagua fokasi moja ukae nayo. Na ule ute unaoshikilia koloni ni kama maji, kizingiti hakitauona, usiandike kwamba umepima ukubwa wa koloni wakati umepima seli zake.

"Kuna sehemu imeandikwa Otsu, nikibonyeza inachagua yenyewe. Naruhusiwa kuiamini?" (Igoma)

Otsu ni jina la mtu, Nobuyuki Otsu wa Japani, alichapisha njia yake 1979. Inajaribu kila namba kisha inachukua ile inayogawa pikseli makundi mawili ambayo kila kundi ndani yake linafanana zaidi. Angalia histogramu yako, ule mchoro unaoonyesha kila namba ina pikseli ngapi, kama ina vilima viwili vinavyoonekana, mfano kimoja kwenye 90 na kingine kwenye 200, iamini. Kama vitu vyako ni vidogo na vichache mno, kilima chao kinamezwa na cha nyuma na Otsu inaanza kugawa maji na maji, hapo jaribu ile iliyoandikwa Triangle, imetengenezwa kwa histogramu yenye kilima kimoja na mkia.

Sasa sikia hatari yake, maana hapa hata mimi nililiwa. Wavuvi wa dagaa hawatoki mwezi ukiwa mpevu. Ukimtuma Otsu akahesabu taa usiku huo, hatorudi kusema hakuna mtumbwi, atarudi na idadi, amehesabu mawimbi yanayometa. Njia hii lazima igawe picha mara mbili hata kama ndani hamna kitu. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliingiza picha za slaidi za kontroo, zisizo na seli hata moja, nikapata seli mia mbili na kitu, nikazipeleka kwa bosi nikiwa natabasamu. Tangu siku hiyo picha tupu ndo naanza nayo.

"Mi huwa nasogeza kile kitelezi cha kizingiti kwa macho kila picha mpaka ionekane vizuri. Kuna ubaya?" (Ilemela)

Upo, mdogo wangu. Chukua seli ya mviringo yenye kipenyo cha pikseli 20, eneo lake ni kama 314. Sogeza kitelezi kidogo tu mpaka ukingo uongezeke pikseli moja kuizunguka, kipenyo kinakuwa 22 na eneo 380, umeongeza asilimia 21 na kwa macho hujaona tofauti yoyote. Koloni la kipenyo cha 200 likifika 202 ni asilimia 2 tu, kwahiyo anayepima vitu vidogo ndo anaumia. Na ukiwa unajua hii picha ni ya maji ya karibu na mto Mirongo na hii ni ya katikati ya ziwa, mkono wako utasukuma kitelezi upande unaotamani, hata ukiapa. Piga zote kwa ekspoja moja, amua kanuni kwenye picha chache ambazo hutazitumia, ukishaamua itumie ileile kwa zote na uiandike kwenye ripoti pamoja na toleo la programu. Kanuni inaweza kuwa namba moja au njia moja, ila isiwe jicho.

"Seli zimegusana, programu inahesabu tatu kama moja." (Buzuruga)

Bonyeza watashedi (imeandikwa Watershed), inakata pale kwenye kiuno kati ya mviringo na mviringo. Inapenda vitu vya duara. Ukiipa mwani wa nyuzi itaukatakata vipande vipande na uzi mmoja unahesabiwa mara kumi, kwa hao acha kabisa, pima urefu au eneo.

"Naweza kuhesabu vijidudu vya malaria hivihivi? Nina slaidi za damu zilizopakwa rangi ya Giemsa." (Sengerema)

Kwa mgonjwa, hapana. Viini vya chembe nyeupe vitatoka vizuri sana, ni vikubwa na vimekolea. Kimelea ni kidogo, rangi yake inafanana na chembe sahani na uchafu wa Giemsa isiyochujwa, na kizingiti hakiangalii umbo, kinaangalia wekundu au weusi tu. Endelea na kidole kwenye kaunta, vimelea dhidi ya chembe nyeupe 200, zidisha kwa 40 kama mnatumia ile makadirio ya chembe 8000 kwa maikrolita. Kwa kujifunza cheza nazo, hamna shida.

"Rafiki yangu amenitumia picha kwa WhatsApp, kingo za seli zina vijiboksi boksi." (Kisesa)

Imeminywa hiyo, na hivyo vijiboksi kizingiti kitavifuata kama mpaka wa seli. Mwambie atume tena ile ya mwanzo kama dokumenti, ikiwezekana TIFF (aina ya faili la picha isiyoharibu kingo), na kama ameshaifuta arudi kwenye slaidi kabla haijakauka.