Noti zangu zimetapakaa, nihamie wapi?

SWALI: Kaka, habari za kazi? Ninasoma shahada ya uzamili na noti zangu zimetapakaa. Nyingine zimo Google Keep, nyingine Evernote, shajara naiandika Day One, na orodha ya kazi iko Notion, ambako naweza kumaliza jioni nzima nikichagua rangi. Juzi nimekuta nimejiandikia "usisahau ile ya Jumanne". Ipi? Sijui. Rafiki ananishawishi nihamie Obsidian. Nihame?

JIBU: Dada yangu, ile ya Jumanne ingekupotea hata kwenye programu ya bei mbaya kuliko zote. Anza hapo kabla ya kuhama. Unapoandika, mfikirie atakayesoma baada ya miezi sita: ni wewe, ila umeshasahau kila kitu. Andika "Jumanne: kumpelekea msimamizi sura ya pili, anataka jedwali lifupishwe." Kuna nani, kuna nini, na kuna neno "msimamizi" ambalo ndilo utakaloliandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Mimi sina folda nyingi wala lebo za rangi; naitegemea sana ile mistari ya kwanza ya noti.

Rafiki yako hajakosea. Obsidian, iliyotoka mwaka 2020, huhifadhi kila noti kama faili la maandishi matupu ndani ya kifaa chako. Hata kampuni ikifunga milango kesho, mafaili yatafunguka kwa programu yoyote ya kuandikia. Hili si jambo dogo. Wunderlist, programu ya orodha za kazi, ilipendwa mno. Microsoft wakainunua mwaka 2015, na Mei 2020 ikafungwa. Evernote nao, mwishoni mwa 2023, waliwawekea watumiaji wa bure kikomo cha noti 50 na daftari moja. Ndiyo maana mimi, kabla sijajiandikisha popote, huingia kwanza kwenye mipangilio kutafuta kitufe cha kutolea data. Nisipokiona, naaga.

Kwa hiyo hama, lakini usihamishe kila kitu. Evernote itakupa faili la ENEX, yaani muundo wake wa kutolea noti, na Keep utaitoa kupitia Google Takeout, huduma ya Google ya kupakua data zako. Obsidian ina programu-jalizi (nyongeza unayoipachika ndani yake) iitwayo Importer inayosoma zote mbili. Ziingize kwenye folda moja, iite "Ghala", kisha uiache. Noti ya zamani itoke ghalani siku utakapoihitaji kwa kazi, si kabla. Nyingi hazitatoka, na hutazikumbuka.

Keep ibakize kwa mambo ya kudaka haraka: umesimama foleni, wazo limekuja, liandike. Jioni lipeleke linakostahili au lifute. Notion nayo iachie kazi za kikundi, maana majedwali ya kushirikiana inayaweza vizuri. Day One usiiguse kabisa. Shajara haina haja ya kukaa jirani na tasnifu. Siku ukitafuta neno "msimamizi" kwa ajili ya sura ya pili, hutapenda kukutana na yale uliyoandika juu yake ukiwa na hasira.

Tahadhari moja: kwa kuwa Obsidian hukaa kwenye kifaa, simu ikiibwa na noti zimekwenda. Huduma yao ya kusawazisha vifaa ni ya kulipia. Kama hutaki kulipa, nakili folda nzima kwenye kompyuta au diski ya nje kila wiki, na uanze leo, kabla hujaingiza hata noti moja ya tasnifu.